Homa ya kasuku: je, daktari wako anajua kuwa unafuga ndege?

Mlishandege (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimefuga ndege kwa miaka 19 hapa Tanga: njiwa kwanza, baadaye chiriku, na sasa cherero, wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa ambao asili yao ni huku kwetu, kusini mwa Ziwa Victoria na nyanda za Serengeti. Kwa miaka yote hiyo nimeuliza na kusoma mengi juu ya magonjwa yanayowapata ndege, lakini yale ambayo ndege humwambukiza mfugaji sikuyatilia maanani, mpaka mwaka jana, mwezi wa Julai, yalipomkuta mjomba wangu. Ninaandika kwa sababu ya swali moja ambalo lilichelewa kuulizwa kwa siku 11, na kuchelewa huko nusura kumuue.

Mjomba alinunua kasuku wa kijivu kwa mtu aliyekuwa akipita mtaani naye. Siku mbili za kwanza ndege alikuwa mchangamfu, akipiga mbinja na kula karanga mkononi. Kisha akaanza kujikunyata, manyoya yamemfura, anasinzia mchana kutwa, na kinyesi chake kikageuka rangi ya kijani kibichi. Mjomba aliamini kuwa ni baridi ya kipupwe, kwa hiyo akamhamishia sebuleni na kufunga madirisha. Asubuhi moja nilimkuta anafagia chini ya tundu kwa ufagio wa chelewa. Jua lilikuwa limepenya kwenye upenyo wa pazia, na katika ule mwali niliona vumbi jeupe la manyoya na la kinyesi kikavu likipanda hadi usawa wa uso wake, naye ameinama karibu na tundu, anazungumza na ndege wake kwa mapenzi yote. Sikumwambia neno, maana na mimi nyumbani kwangu nilikuwa ninafagia vilevile.

Baada ya siku kama kumi akashikwa na homa, baridi ya kutetemesha, maumivu ya viungo, na kichwa kilichomuuma kiasi cha kushindwa kutazama mwanga. Katika zahanati ya jirani kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, lakini alipewa dawa za malaria. Siku ya nne akaambiwa ni taifodi. Siku ya saba kikohozi kikavu kikaanza, pumzi zikawa fupi, picha ya kifua ikaonyesha kichomi, akaandikiwa amoksilini, na homa haikushuka hata kidogo. Siku ya 11 tulimfikisha hospitali kubwa, ambako daktari kijana aliyempokea alisoma karatasi zote moja baada ya nyingine, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mzee, nyumbani mnafuga ndege?" Mkaza mjomba ndiye aliyejibu kwamba kasuku alikuwepo, na kwamba alikufa juzi yake.

Dawa ikabadilishwa siku ileile, akaanzishiwa doksisaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Siku ya tatu asubuhi mjomba aliomba uji. Kipimo cha maabara cha kuthibitisha hakikufanyika, kwa hiyo siwezi kuapa mbele yenu kwamba ilikuwa homa ya kasuku. Daktari alitibu kwa kufuata historia ya mgonjwa, na mwili ukaitika.

Ugonjwa wenyewe kitaalamu huitwa sitakosisi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kasuku. Husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, ambaye hana uwezo wa kuzaliana nje ya seli ya kiumbe hai. Ana maumbo mawili. La kwanza ni la kusafiria: dogo, gumu, halikui wala haligawanyiki, lakini linaweza kudumu kwa miezi ndani ya kinyesi kilichokauka. Likivutwa na pumzi na kuingia ndani ya seli za mapafu, hugeuka kuwa umbo la pili, la kuzaliana, na seli ikijaa hupasuka na kuwaachia wengine wapya. Ndiyo maana ufagio mkavu ni hatari kuliko kung'atwa na kasuku, ingawa wengi wetu tunaogopa mdomo wake tu.

Dalili kwa binadamu huanza kwa kawaida kati ya siku 5 na 14 baada ya kuambukizwa. Kabla ya kupatikana kwa dawa zinazomuua bakteria huyu, wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100 walikufa. Siku hizi, dawa sahihi ikianza mapema, hafi hata mmoja katika 100. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, ambazo ndizo hutangulia kutolewa kwa kichomi, hazimtibu ipasavyo kwa sababu hufanya kazi kwa kushambulia ukuta wa bakteria, na ukuta wa huyu si kama wa wengine. Ukilitazama hilo pamoja na yaliyompata mjomba, mtaelewa kwa nini ninasisitiza: mfugaji akiugua homa na kifua, neno "ninafuga ndege" linapaswa kutoka kinywani mwake kabla hajaulizwa, kwa kuwa mara nyingi hataulizwa.

Binti wa Makorora

Pole sana kwa mjomba, na ahsante kwa maelezo. Naomba ufafanuzi kwenye jambo moja ambalo linaweza kuleta fitina majumbani. Klamidia ninayoijua mimi ni ugonjwa wa zinaa. Mtu akirudi na karatasi ya hospitali iliyoandikwa jina hilo, mwenzake ataelewaje kwamba limetoka kwa kasuku?

Mlishandege

Dada, umeuliza jambo la maana sana. Klamidia ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo huo wamo bakteria tofauti. Yule wa zinaa ni Chlamydia trachomatis, na huyohuyo, kwa aina zake nyingine, ndiye anayeleta trakoma, ule ugonjwa wa vikope ambao umepofusha wazee wengi katika mikoa kama Dodoma na Singida. Huyu wa ndege ni mwingine kabisa: njia yake ni hewa na vumbi, na kuambukizana kati ya mtu na mtu hutokea kwa nadra sana. Karatasi ikiandikwa jina kamili, neno la pili ndilo la kusoma.

Mwanahistoria wa Pwani

Niruhusuni niongeze historia kidogo, kwa sababu kosa la kudhani kuwa ni taifodi lina umri mrefu kuliko wa babu zetu. Mwaka 1879, katika mji mdogo wa Uster nchini Uswisi, daktari Jakob Ritter aliwaona watu saba wakiugua katika nyumba ya kaka yake, na watatu wakafa. Chanzo alikifuatilia hadi kwenye chumba kilichokuwa na matundu ya ndege, wakiwemo kasuku walioagizwa kutoka nje. Dalili zilimfanya auite ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya taifodi ya mapafu. Mwaka 1892 ukaibuka mjini Paris, baada ya shehena ya kasuku kusafirishwa kwa meli kutoka Buenos Aires, wengi wao wakifia njiani. Mwanasayansi Edmond Nocard alichunguza mabawa ya waliokufa, akampata bakteria ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa ndiye mwenye kosa. Baadaye ilibainika kwamba yule alikuwa salmonela, ambaye naye hukaa kwa ndege, lakini hakuwa ndiye aliyewaua watu wa Paris.

Mlipuko mkubwa ulikuja mwaka 1929 na kuendelea hadi 1930. Ulianzia Argentina, ambako kasuku walikuwa wakirundikwa na kuuzwa katika hali mbaya, ukafuata njia za biashara hadi Ulaya na Marekani. Katika mji wa Annapolis, karibu na Washington, mwanamume mmoja alimnunulia mkewe kasuku kuwa zawadi ya Krismasi. Ndege akafa, na muda si mrefu mke, binti yao na mkwe wao wakalala hoi pamoja. Daktari wao alimshuku ndege, akapeleka simu ya maandishi Washington kuomba maelezo kuhusu homa ya kasuku. Hapo ndipo serikali ilipoamka. Tarehe 24 Januari 1930 Rais Hoover alitia saini amri ya kudhibiti uingizaji wa kasuku nchini.

Kinachonigusa mimi zaidi ni habari za maabara ya serikali iliyopewa kazi ya kumtafuta kimelea. Charles Armstrong na msaidizi wake Henry Anderson walifanya kazi na ndege wagonjwa katika vyumba vya chini vya jengo. Anderson aliugua na kufariki mwezi wa Februari. Armstrong naye aliugua, akapona baada ya kudungwa majimaji ya damu yaliyotolewa kwa mtu aliyewahi kupona ugonjwa huo. Wengine waliokuwa ndani ya jengo hilo wakaanza kuugua, pamoja na watu ambao hawakuwahi kumgusa kasuku hata mmoja, mpaka mkurugenzi George McCoy alipowaondoa wote, akashuka mwenyewe kuwaua ndege na wanyama wa majaribio, na kulifukiza jengo lote. Watu waliokuwa na ujuzi wa kujikinga waliambukizwa kwa kuwa tu ndani ya jengo moja na ndege hao. Je, sisi tunaolala chumba kimoja na tundu?

Fundi Njiwa

Mimi ninafuga njiwa tu, zaidi ya 60, juu ya paa. Hawa hawahusiki, au sivyo? Jina lenyewe ni homa ya kasuku.

Mlishandege

Wanahusika, ndugu yangu. Jina limetokana na ndege ambaye ugonjwa ulitambuliwa kwake kwanza, lakini bakteria huyu amepatikana kwa njiwa, bata, bata mzinga, kuku na aina nyingine nyingi za ndege. Aina zinazokaa kwa njiwa mara nyingi huleta ugonjwa mwepesi zaidi kuliko zile za kasuku, ila kwa mzee au mtu mwenye mapafu dhaifu, huo wepesi usitegemewe. Mwezi Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya ongezeko la wagonjwa katika nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Denmark, Uholanzi na Sweden, na watu watano walikuwa wamekufa. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamekaribiana na ndege, wa porini au wa kufugwa. Kwa mwenye njiwa 60 kazi yenye hatari kubwa ni kukwangua mabanda. Mwagia maji yenye sabuni kwanza, acha yalowe, ndipo ukwangue, na uvae barakoa inayobana vizuri usoni. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Tena tusidhani kwamba ndege mwenye bakteria lazima aonekane mgonjwa. Katika miaka ya 1930 Karl Friedrich Meyer alichunguza kasuku wadogo wa Australia waliokuwa wakizalishwa kwa wingi California, mara nyingi na watu waliokuwa wakijitafutia riziki katika nyua zao wakati wa mdororo wa uchumi. Alikuta maambukizi yameenea katika mabanda ya ndege walioonekana wazima kabisa, wanaokula na kuimba. Ndege wa namna hiyo huweza kukaa miezi bila kutoa bakteria, kisha akaanza kuwatoa kwa wingi kwenye kinyesi na ute wa pua pale anapopata msukosuko: safari, msongamano, baridi, njaa, kutaga, kubadilishiwa mmiliki. Kasuku wa mjomba alikuwa amepitia karibu yote hayo kwa mpigo. Ndege wa magendo hufungwa ndani ya maboksi na magunia kwa siku nyingi, na anapofika mkononi mwa mnunuzi ndipo anapokuwa katika kilele cha kutoa maambukizi. Tangu mwaka 2017 kasuku wa kijivu yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ambayo inazuia biashara ya kimataifa ya ndege wa porini wa aina hiyo. Mjomba alivunja sheria kwa kutojua, nami nilinyamaza ilhali nilijua, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mkulima wa Korogwe

Mimi naona mambo yamekuzwa. Kuna dawa ya unga ya kuku, jamii ya tetrasaiklini, inauzwa kila duka la pembejeo. Ninaweka kijiko kwenye maji ya ndege wangu wiki moja kila mwezi, na sijaona ndege wala mtu akiugua. Kwa nini msiwashauri watu njia hiyo nyepesi?

Mganga wa Mifugo Morogoro

Ndugu wa Korogwe, mimi ni daktari wa mifugo kwa taaluma, na ninakuomba kwa heshima uiache njia hiyo. Nitakueleza kwa nini.

Ndege mwenye maambukizi hutibiwa kwa muda mrefu. Mwongozo unaotumika na wengi ni siku 45 mfululizo, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Wiki moja humnyamazisha bakteria bila kummaliza, nawe unabaki na ndege anayeonekana mzima huku akiendelea kuwa hifadhi. Maji nayo ni njia mbovu ya kumpa dawa hii, kwa sababu nguvu yake hupungua haraka ikishachanganywa, na ladha yake humfanya ndege anywe kidogo kuliko kawaida, hasa hao wa asili ya maeneo makame ambao hata bila dawa hunywa kidogo sana. Isitoshe, madini ya kalisi huing'ang'ania dawa isifyonzwe, kwa hiyo kama ndani ya tundu umening'iniza mfupa wa ngisi au umeweka maganda ya mayai, kijiko chako kinaishia kwenye kinyesi. Hatari ya tatu ni ya sisi sote: bakteria wengine waliomo tumboni mwa ndege hujifunza kuishi na dawa hiyo, na siku watakapohamia kwa mtoto wako, ile dawa haitafua dafu.

Na kwa kuwa salmonela ametajwa, niseme kwa ufupi kwamba yeye na mwenzake kampilobakta hupita njia nyingine, ya mkono kwenda kinywani. Kinga yake ni sabuni na maji kila baada ya kushika ndege, na vyombo vya tundu visioshwe kwenye karo la jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi, na vifaranga ndio wanaowavutia zaidi.

Mama Nasra

Nimesoma uzi wote mpaka hapa na moyo unanienda mbio. Nina mtoto wa miaka minne na ujauzito wa miezi sita, na ndani kuna kasuku mdogo ambaye mume wangu alirithi kwa marehemu mama yake, yuko nasi mwaka wa tatu. Mtoto humbusu mdomoni, na mama mkwe alikuwa akimtafunia karanga na kumpa kutoka kinywani. Je, nimtoe huyu ndege? Kumtoa nyumbani humu itakuwa kama msiba wa pili.

Mlishandege

Dada yangu, usimtoe kwa hofu. Ndege aliyekaa nanyi miaka mitatu bila kuchanganywa na wageni, na nyote mko wazima, hatari yake ni ndogo sana kuliko ya ndege mpya. Ila kubusu mdomoni na kulishana kwa kinywa kukome leo. Mtoto aweza kumpa mtama kwenye kiganja, kisha akanawa. Kwa kipindi hiki cha ujauzito kazi ya kusafisha tundu aifanye baba, tena tundu litolewe chumba cha kulala. Na kliniki uwaambie kwamba nyumbani kuna ndege, waandike kwenye kadi, kwa sababu mjamzito na mtoto mdogo hawapewi doksisaiklini kirahisi. Mara nyingi daktari huchagua dawa nyingine, kama azithromaisini, na ni vizuri ajue mapema anachopaswa kukifikiria.

Mimi siku hizi ninatandika gazeti chini ya tundu. Asubuhi ninalinyunyizia maji mpaka lilowe kabisa, ninalikunja kutoka kingoni kuelekea katikati ili kilichomo kisimwagike, na kulitia kwenye mfuko. Mara moja kwa wiki ninawahamishia ndege chumba kingine, ninaosha tundu kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, ndipo ninapaka jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa 32, ninaiacha kwa dakika kadhaa, ninasuuza na kukausha juani. Uchafu usipotoka kwanza, jiki haifanyi kazi. Na ndege asiwepo karibu, kwani mvuke wake huumiza mapafu yake kuliko yetu.

Fundi Njiwa

Nimekuelewa, na barakoa nimeshanunua. Swali la mwisho: njiwa akinifia ghafla, nifanye nini? Sisi huwa tunamtupa jalalani, au wengine humnyonyoa.

Mganga wa Mifugo Morogoro

Usimnyonyoe kabisa, kwa sababu manyoya hurusha vumbi usoni. Mlowanishe kwa maji yenye sabuni, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, na umfikishe ofisi ya mifugo ya wilaya siku hiyohiyo akiwa kwenye boksi lenye barafu. Asigandishwe kwenye friji ya chakula. Kama amekufa na kwako kuna mtu mwenye homa, yaseme yote mawili kwa pamoja, kwetu na kwa daktari wa binadamu.

Mlishandege

Ninarudi na taarifa kama nilivyowaahidi baadhi yenu kwenye ujumbe. Mjomba alimaliza dawa zake zote, na anapanda ngazi bila kutweta. Mimi nimepokea cherero mmoja mwenye kibali, aliyezaliwa kizimbani, kutoka kwa mfugaji mwenzangu aliyehama. Amekaa peke yake kwenye chumba cha nyuma, na ninamhudumia wa mwisho baada ya wengine wote, nikiwa na nguo ninazozivua mlangoni. Leo ni siku yake ya 22 kati ya 30. Ninampima kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni niliyomnunulia yeye tu: alikuja na gramu 46, jana alikuwa na 49, kinyesi chake kina umbo na macho yake ni makavu. Siku ya 30 nitampeleka kwa daktari wa mifugo kabla ya kumchanganya na wenzake, na majibu nitayaweka hapa.